Nilikata Kona Kama Niko Kwenye Gemu, Lawama Akaibeba Fundi

(Majina yote na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi tumeyabadili.)

Mama Lukresia, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mwenyeji wa Kibosho, na nakuandikia wewe kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumweleza haya huku namtazama usoni, hata padre nimemwendea mara mbili nikaishia kuungama mambo madogo madogo, nikatoka na dhambi ileile niliyoingia nayo, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho hata kama utanichukia ukiwa katikati.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi, nikawa namsaidia baba kwenye kahawa na migomba ya kihamba chetu, shamba la ukoo, na kila nikishuka Moshi mjini kupeleka ndizi nilikuwa napitia kwenye kibanda kimoja cha gemu, nikaanza kucheza mbio za magari kwa kupoteza muda tu, lakini Mama, nilikuwa na kipaji. Wenzangu walibadilisha magari kila siku, mimi nilishikilia moja, Lamborghini ya njano, gari la Waitaliano, nikalijua tabia kama mtu anavyomjua ng'ombe wake: kwenye barabara iliyonyooka wapo walionipita, lakini kwenye kona hakuna, kwa sababu lile gari linavuta kwa magurudumu yote manne, unakuja nalo kwa kasi, unachelewa kushika breki mpaka watu wanapiga kelele, unakata, halafu kabla kona haijaisha unakanyaga mafuta na lenyewe linajivuta kutoka, hata mvua ikinyesha. Watu wakaanza kuniita Mtaliano. Nisikufiche, kwa mtu asiye na kazi, kuitwa jina kama lile na kuona watu wamesimama nyuma ya kiti chako wakikutazama ni kitu kikubwa sana.

Mwaka jana, mwezi wa nne, Jumamosi, kulikuwa na mashindano pale kibandani, nikashinda, nikawafunga mpaka vijana waliotoka Arusha. Mchana huohuo nilikuwa nimeachiwa Noah ya baba nimchukue mdogo wangu Evelyn nimrudishe nyumbani. Evelyn ndiye alikuwa fahari ya nyumba yetu, alianza kama mpagazi, akabeba mizigo ya wageni mlimani miaka mitatu, akasomea, na wiki ile ndiyo alikuwa amepata leseni ya kuongoza watalii. Alipanda gari akaniambia hongera, nami nikamwambia hongera, tukapandisha tunacheka, mvua imeanza, barabara ya juu ni udongo na imejaa tope, na Evelyn akaniuliza hivi hiyo Lamborghini yako ina nini cha ajabu.

Nikamwambia, "Subiri nikuonyeshe inavyokata kona."

Akasema, "Kaka Jovin, punguza, pale mbele kumelainika."

Mama, nilimsikia. Watu wakiniuliza husema sikumbuki kitu, lakini nilimsikia vizuri kabisa, na nikakanyaga mafuta katikati ya kona vilevile ninavyofanya kwenye gemu, na ile Noah inavutwa na magurudumu mawili tu, matairi yameisha, nyuma tumepakia mbolea, mkia ukatutangulia, tukabiringika mpaka kwenye migomba ya watu. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko. Evelyn alikuwa amelala kwenye majani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza funguo, "Kaka, miguu yangu iko wapi?" Miguu ilikuwepo. Ni uti wa mgongo uliovunjika, na tangu siku ile hajasimama.

Baba alipofika hospitali, matope mpaka magotini, aliniuliza neno moja, "Imekuwaje?" Nami nikasema, "Breki, baba. Breki zimegoma." Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe. Siku tatu kabla, gari lilikuwa limetoka kubadilishwa breki kwa fundi Shakiru, mtu wa mjini, Mwislamu mmoja mpole, ambaye alitutengenezea magari tangu mimi niko darasa la nne. Baba akasema, "Kumbe ni Shakiru," na mimi nikanyamaza, na kwenye kunyamaza pale ndipo niliposaini. Askari walipokuja nikaandika hivyohivyo. Na kabla mtu hajasema gari likaguliwe, nikaliuza mwenyewe kama chuma chakavu, nikamwambia baba kwamba sitaki Evelyn aje aone mabaki yake.

Jumapili moja baada ya misa baba alisimama nje ya kanisa akawaambia watu wasipeleke gari kwa Shakiru, na baba yangu ni mtu anayesikilizwa. Shakiru alikuja nyumbani na mkewe Hajira, wamebeba matunda ya mgonjwa, akamsalimia baba shikamoo, baba hakuitika. Akasema, "Mzee, sikuja kubishana. Naomba tu nilione gari." Nikamjibu mimi kwamba gari halipo. Alinitazama, siyo kwa hasira, heri ingekuwa hasira, akasema, "Basi hata mimi sitajua tena. Kila nikikaa nazikaza zile nati upya kichwani. Nilizikaza. Lakini labda moja niliisahau." Gereji yake ilifungwa mwezi wa nane. Sasa hivi anabeba magunia ya mpunga Chekereni, mtu wa miaka hamsini na kitu.

Wiki tatu zilizopita nilimwekea Evelyn gemu nyumbani ili apate la kufanya. Akaomba nimwekee ile ya njano. Aliiendesha polepole, magari yote yakampita, akawa wa mwisho, akafika kwenye kona moja akasimamisha kabisa, akaniambia bila kugeuka, "Mahali kama hapa ndipo ulipokanyaga mafuta. Nakumbuka kila kitu."

Nikamuuliza mbona hukusema.

Akasema, "Baba amebaki na mtoto mmoja mzima. Ningesema, angebaki na wangapi? Lakini fundi naye ana watu wake, kaka. Mimi sitakusemea."

Tangu siku hiyo hajalitaja tena, ananiomba chai, ananiomba nimgeuze, kama kawaida, na ule upole wake unanichoma kuliko matusi. Baba ana presha, naogopa nikisema nitamzika. Nisiposema, nimemzika Shakiru akiwa hai. Nimefikiria nipitie Himo nivuke Kenya, nitafute kibarua, nimwandikie baba kutoka huko. Sioni mbele wala nyuma. Nimekuachia namba yangu. Naomba uniambie, je, nikiondoka si itakuwa nafuu kwa wote?

Mimi Jovin, Kibosho.

MAMA LUKRESIA ANAJIBU

Marahaba, Jovin. Nimekusoma mpaka mwisho, na ni kweli, katikati nilikuchukia. Nikapumzika, nikaendelea.

Kwanza nikupe pole, maana unastahili pole moja. Kona ile ilikuwa upumbavu wa ujana na sifa, na wangapi wamefanya upumbavu kama huo wakafika nyumbani salama wakala mtori wakalala. Wewe hukufika. Hilo ni la kulilia, na ulilie. Lakini usilichanganye na mengine. Gari liliteleza mara moja. Wewe umesema uongo kwa baba yako, kwa askari, kwa Shakiru mwenyewe aliyesimama uani kwenu na matunda mkononi, na ukaliuza gari ili ukweli usiwe na pa kushika. Huko hakukuwa na tope, mwanangu. Huko ulikuwa na akili zako zote.

Presha ya baba yako naiheshimu, ila nakuuliza: ulipokuwa unaliuza gari, ulikuwa unamhurumia nani? Usimfanye mzee pazia lako. Na Himo usiende. Ukivuka mpaka, Evelyn atabaki peke yake na siri ambayo si yake, na mtu wa kumgeuza kitandani hatakuwepo. Msichana yule amelipa kwa miguu yake, akalipa na kwa ulimi wake. Unataka alipe nini tena?

Ulinipa namba, na barua yako ilinitia hofu, ndiyo maana nilikupigia Jumatatu. Ukaniambia ulishafika Chekereni, ukamwona Shakiru kwenye tuta la mfereji na gunia mgongoni, ukageuza. Nilitegemea uniambie kwamba hukujua la kumwambia. Ukasema, "Niliogopa atanisamehe." Nimekaa na neno hilo siku nne. Jovin, huna haki ya kuchagua atakufanya nini. Akikupiga, mikono yako ikae chini. Akikusamehe, pokea, hata kama itakuunguza. Akikufukuza, ondoka, ukijua umemwachia kitu ambacho ni chake.

Sasa sikiliza, kwa sababu haya sitayarudia. Mwambie Evelyn leo kwamba unakwenda. Usimwombe ruhusa, usimwombe akusindikize. Nenda kwa Shakiru asubuhi, peke yako, bila sukari wala mzee wa kukuombea. Usianze na samahani, samahani itakupumzisha wewe. Anza na hili: "Breki zako zilikuwa nzima. Nilikanyaga mafuta kwenye kona nikasingizia kazi yako." Hilo ndilo analohitaji kusikia, mtu ambaye amekuwa akijihukumu mwaka mzima kwa kosa ambalo halipo. Ukitoka hapo umfuate baba siku hiyohiyo, na awepo baba yako mdogo au padre, mtu anayejua dawa za mzee zinakaa wapi. Halafu tafuta msaada wa kisheria, yapo mashirika yanayousaidia umma bure, uende na mtu wao polisi ukabadilishe maelezo yako. Watakufanya nini sijui, na sitakudanganya kwamba itakuwa kitu kidogo. Na kwa vile jina la fundi lilichafuliwa nje ya kanisa mbele ya watu, lisafishwe palepale, kwa mdomo wako, baba yako akisikia.

Hutapata amani kwa kufanya haya, usije ukanililia baadaye. Gereji huenda isifunguliwe tena. Mdogo wako hatapanda mlima. Kuna vitu vimekwisha, na kukiri hakuvirudishi. Na ukiona giza linakuzidi, usikae nalo chumbani; namba yangu unayo, na Evelyn yuko mlango wa pili.

Rudi Chekereni, Jovin. Safari hii usisimame mbali ukimtazama. Mwite kwa jina, na umsubiri atue gunia kwanza.