Hizo Dakika Nne Sizikati

Mpendwa Baba,

Jumamosi tunafanya ibada ya kukukumbuka hapa nyumbani Subukia, na mimi nimegoma. Usishtuke, kupika nitapika. Nilichokataa ni kukata maneno yako kwenye video.

Unaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa harusi ya Kamau, nawe ukaitwa mbele umbariki mwanao. Nilikuwa nimesimama karibu na ile kamera ndogo uliyoninunulia Nakuru, nikakuona umeshika maikrofoni kwa mikono miwili. Ulipotamka neno la kwanza tu, kigugumizi kikakushika vile kilivyozoea, macho umefumba, mguu wa kulia ukigonga chini. Huko nyuma watu wakaanza kucheka. Mshereheshaji akanyoosha mkono akunyang'anye maikrofoni, ukausukuma mkono wake, ukaendelea. Ulichukua dakika nne kusema sentensi tatu.

"Kaa na bibi yako vizuri. Msikilize mpaka amalize. Usimmalizie maneno."

Wiki iliyofuata nikaketi kwenye kompyuta, na ile programu ya kuhariri niliyojifunza mwenyewe, nikatoa kila mahali ulipokwama. Nikaunganisha vipande mpaka ukawa unaongea kama msomaji wa habari, sekunde kumi hivi, umemaliza. Nilijiona fundi. Nikakuita sebuleni, ukatazama hadi mwisho na kikombe chako cha chai mkononi.

"Huyu ni nani?" ukauliza.

Nikasema ni wewe.

"Mimi siongei hivyo, Maitu."

Hilo jina, yaani "mama" kwa Kikuyu chetu, ulinipa kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, na siku hiyo ulilitamka polepole sana. Ukaweka kikombe chini, ukaenda kukatia ng'ombe nyasi. Hukulitaja jambo hilo tena, nami sikuwahi kukuomba msamaha. Linaniuma mpaka leo.

Linaniuma kwa sababu nilijua. Kigugumizi chako ninacho. Nilipokataa kusoma mbele ya darasa, mwalimu akanifukuza, ni wewe uliyeniletea kamera ukaniambia kwamba mtu akiwa nyuma yake haulizwi kitu. Nikajificha huko vizuri. Nimerekodi harusi na mazishi bonde hili lote, na wengi wananijua tu kama yule msichana asiyeongea.

Sasa Jumapili iliyopita baba mdogo Njoroge alikuja baada ya kanisa, ameandamana na Kamau. Akasema baraka zako lazima zionyeshwe kwenye ibada, lakini kwa heshima.

"Weka ile safi," akaniambia. "Toa hizo mahali anakwama, watu wasimcheke tena."

Kamau alikuwa anatazama viatu vyake. Ile safi ilikuwa bado kwenye kompyuta, Baba. Ningeiweka bila kutoka jasho na kila mtu angenishukuru. Nikamwambia hapana. Nilikwama kwenye hiyo hapana, lakini ilitoka. Akasema namwaibisha marehemu.

Mimi nauliza, aibu ni ya nani? Ya aliyekwama au ya aliyecheka? Maisha yako yote watu wamekumalizia maneno. Kwenye foleni ya maziwa walikumalizia. Ulikuwa mzee wa kanisa miaka na miaka, na hakuna Jumapili hata moja waliyokupa Biblia usome. Hata sasa ukiwa kaburini wanataka kukumalizia tena, na wanataka kutumia mikono yangu. Nimekasirika, na sitaki kutulizwa.

Kwa hivyo ile safi nimeifuta. Nimerudi kwenye kadi ya kamera, nikachukua dakika zote nne, kicheko cha watu kikiwemo na ule mkono uliousukuma. Sikuweka muziki chini yake. Anayetaka kusikia wimbo aimbe kwao.

Tena Jumamosi sitakaa nyuma ya kamera. Nitashika maikrofoni mimi mwenyewe niwaambie wanakwenda kumsikiliza nani. Najua nitakwama kwenye jina lako, na pengine mguu wangu utagonga chini kama wako. Baba mdogo akinyoosha mkono, nitausukuma. Wangoje. Hawana haraka ya kwenda popote, chakula kiko jikoni kwangu.

Lala salama, Baba. Uliniuliza huyu ni nani. Safari hii ni wewe.

Binti yako,
Maitu