Baba Hana Fasi mu Plan

Mama Suzanne, nakusalimia kwanza, siye na mama tunakusikilizaka ku radio kila juma wakati tunapika, na leo ni miye niko na shida, nakuomba unisaidie sababu nimechoka kulia.

Niko finaliste, mwaka wa mwisho wa sekondari, tulikimbia vita ya makabila kule Djugu, sasa tunakaa hapa Bunia kwa baba mudogo Grégoire, na mbele ya Examen d'État, ule mutihani wa taifa, tutaandika dissertation, ile insha ya Kifaransa, na ikinishinda diplome imeenda, mama ameshasema hana tena nguvu ya kunirudisha darasani. Juzi prof Adolphe alitupatia moja ya kujipima, eti uonyeshe kama amani inaanzia mu familia, akasema tufanye kwanza plan, mupango wa insha, ku brouillon, ile karatasi ya kujaribia, lakini miye nilishika bic nikaandika moja kwa moja ku karatasi ya kurudisha, nikaanza na familia yetu, nikaingia ku shamba, nikafika ku ile asubuhi tulikimbia na vile walimuua baba njiani, nilikuwa naandika niko nalia, kengele ikagonga sijasema hata neno moja juu ya amani. Prof aliandika kwa bic nyekundu: "Plan iko wapi?"

Nilijaribu kuifanya nyumbani, Mama, nilijaribu kweli, lakini kila mara napanga, baba anabaki inje, hana fasi, na nasikia kama ni miye namuacha njiani mara ya pili. Rafiki yangu Landry anasema niache kujisumbua, yeye iko na plan ya kushika ku kichwa, utangulizi na mwisho tayari, eti inaingia ku kila sujet ya insha, nusu ya darasa wameishika. Na hata ku matanga ya baba ilikuwa vile vile, wazee walienda kukaa nyuma ya nyumba kupanga vile baba mudogo atasema, akasimama, akashukuru majirani wa kila kabila, akaombea watoto, na vile baba alikufa hakuigusa hata kidogo, watu wakakula wakarudi kwao kimya, na nimemukasirikia mpaka leo. Sasa nishike plan ya Landry, ama niandike vile roho inasema?

Ketsia


Ketsia mutoto wangu, pole. Pole ya kweli, si ya mudomo. Sasa pangusa uso, sababu nitakugombeza kidogo.

Plan ya Landry, umurudishie. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sujet ikitoka juu ya kilimo, Landry ataandika juu ya rushwa, sababu ndiyo alishika ku kichwa, na mwenye kusahihisha akikuta mwisho moja ku karatasi ya watoto kumi, unafikiri hatajua?

Na weye, angalia barua yako. Ulizo lako liko ku mustari wa mwisho kabisa. Ningeweza kutia sombe, majani ya muhogo, ku moto ikaiva mbele ya kujua unataka nini. Miye nakupenda, nilingoja. Yule wa Examen hatakungoja.

Lakini kwa baba mudogo, hapana, pale umekosa. Wale wazee nyuma ya nyumba walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanafanya plan. Kwetu hakuna mutu anasimama mbele ya matanga kama familia haijakaa pembeni: tuanze na nini, tumushukuru nani, neno gani libaki huku nyuma. Angalia nani alikuwa amekaa pale. Majirani wa kila kabila, na vijana wenye damu ya moto. Neno moja baya, na kesho yake mungelia wengine. Baba mudogo alifiwa na ndugu yake wa tumbo moja. Alikuwa nalo mu roho, akalimeza. Unafikiri alimusahau?

Prof alikuuliza amani inaanzia wapi. Binti, jibu ulikuwa nalo, ukalipita mbio.

Kwa hiyo utafanya hivi. Ku brouillon, andika kwanza jibu lako, sentensi moja tu. Chini yake weka sababu mbili ama tatu, kwa maneno machache, na kila sababu na mufano wake. Halafu pitia moja moja, uulize: hii inasaidia jibu langu? Kama haisaidii, ibaki nyuma ya nyumba. Kiisha ndiyo ushike karatasi ya kurudisha. Ku ile sujet ya prof, mufano wako ni familia iliyofiwa, ikakaa, ikachagua maneno, na watu wakarudi kwao salama. Baba yako anaingia pale. Ni mistari mitatu, na hakuna mutu atamutoa pale.

Yale mengine yote, uyaandike siku ya Mungu, misa ikiisha, ku karatasi yako, bila plan na bila kengele. Hayo si ya prof.

Na leo, mbele ya kugusa brouillon, nenda ukae karibu na baba mudogo Grégoire, umuombe akuambie yale maneno walibakisha nyuma ya nyumba. Sasa weye ni mutoto wake. Na yeye pia amengoja mutu wa kumuuliza.

Mama Suzanne