Mkono wa Baba Tatu, Kidonda cha Waache

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimefua, nimepepeta mchele, nimemwagilia bamia. Saa nne mume wangu, Baba Tatu, karudi kutoka shamba kambeba mbwa wetu Waache begani kama mtoto mgonjwa. Nguruwe pori waliingia kwenye mpunga alfajiri. Waache aliwakabili pale chini ya dungu la kulindia shamba, mmoja akampasua paja. Mpunga umepona. Mbwa hoi.

Kamwosha uani kwa mikono mitupu. Mie nikasema dawa zipo kabatini, ampe zilizobaki. Vidonge vya rangi mbili, vya kile kifua changu cha Ramadhani. Vilibaki sita kwa sababu nilipopata nafuu niliacha kumeza. Kafungua vinne, akaumwagia kidonda ule unga. Viwili kavimeza mwenyewe, maana kidole chake alikikata kwa mundu juzi na kinamuwasha.

Mbwa huyu ana miaka saba hapa. Sijamgusa hata kwa fimbo. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, najua. Lakini mate yake najisi, na udhu wangu siuchezei.

Ijumaa, 16 Mei

Kidonda kinatoa usaha. Harufu inafika jikoni. Baba Tatu kaenda duka la dawa, kaja na vidonge vingine, nusu dozi. Sote hapa Ruaruke tunanunua nusu. Akakaa na mbwa adhuhuri nzima, kichwa cha mbwa mapajani, anamsemesha Kindengereko polepole. Mie hajanisemesha vile mwaka mzima.

Nimeona wivu. Wivu wa mbwa, na miaka yangu sitini na moja.

Jumanne, 20 Mei

Kidole cha Baba Tatu kimevimba, kinang'aa kama bilinganya. Nimesema twende hospitali. Kasema mpunga unakomaa, hana nafasi ya kuugua. Kameza vidonge vya mbwa.

Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Alhamisi, 22 Mei

Homa kali. Hakubisha tena. Tumempakia kwenye bodaboda, mie nyuma yake nimemkumbatia asianguke mpaka Kibiti. Mgongo wake ulikuwa moto kama jiwe la jua. Wamemlaza. Sindano asubuhi na jioni. Mwanetu Tatu keshapigiwa simu, yuko njiani kutoka Dar.

Jumapili, 25 Mei

Sindano siku ya nne, uvimbe umefika kiwiko. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kaniuliza mzee amemeza nini kabla ya kuja. Nimemwambia yote. Akauliza tuna mifugo gani. Kuku, nikasema. Mbuzi wawili. Akangoja.

"Na mbwa, mama?"

"Yupo."

"Ana kidonda?"

Sikujua kwa nini naona haya. Nikasema anacho. Wamechukua usaha kwenye mkono wa Baba Tatu, wanaupeleka Dar kuotesha, wajue ni bakteria gani na wanaogopa dawa ipi. Majibu siku kadhaa. Siku kadhaa!

Jumatano, 28 Mei

Wamekata kidole. Cha shahada, mkono wa kulia. Daktari kasema kilikuwa kimekufa, kingeua mkono, kisha mtu.

Nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi na Tatu. Hakuna aliyelia. Tulishikana mikono tu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo. Nimekuta wifi Zuhura kakusanya vijana watatu na marungu. Habari imefika kijijini kuwa ugonjwa umetoka kwa mbwa. Wifi analia, anasema kaka yake anakufa kwa ajili ya mnyama najisi, amalizwe leo.

Nikasimama mlangoni pa uani. Nikasema, "Mwenyewe hayupo. Anayemtaka amngoje mwenyewe arudi." Sauti ile ya darasani, sijaitumia tangu nistaafu. Wale vijana nimewafundisha wote. Wameondoka. Wifi kaondoka hajaniaga.

Nilikuwa nataka mbwa afe. Kweli kabisa. Mpaka nilipokwenda kumwangalia. Kajilaza nyuma ya choo, mbavu nje, nzi tele. Kaninyanyulia kichwa, akanitazama, akatazama nyuma yangu. Alikuwa anamtafuta mzee.

Nikapiga simu kwa bwana mifugo wa kata.

Jumamosi, 31 Mei

Bwana mifugo ni msichana, jina lake Rehema, lakini sote tunamwita bwana mifugo. Kaja na pikipiki yake. Kavaa glavu, kachukua usaha wa mbwa kwa pamba, kaufungia kwenye kichupa. Kisha kanifundisha. Asipewe kidonge chochote. Kidonda kioshwe asubuhi na jioni kwa dawa ya kusafishia na maji yaliyochemshwa. Glavu kila mara. Pamba zichomwe. Mbwa akae peke yake, mbali na vyombo na watoto. Sabuni mikononi kila nikimaliza.

"Nani atamwosha, mama?"

Hakuna mtu mwingine. Nikasema mie.

Leo nimeosha kidonda cha mbwa. Nilitapika kidogo. Naye hakuning'ata, alitetemeka tu. Kisha nikajitwaharisha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Nikaswali nimechelewa.

Jumatatu, 2 Juni

Majibu ya mkono yamekuja. Daktari kanionyesha karatasi. Majina ya dawa mstari kwa mstari, na karibu kila mstari umeandikwa sugu. Sugu. Sugu. Sindano zote zile zilikuwa maji kwa bakteria wale. Zimebaki dawa mbili, hapa hakuna hata moja. Mjomba wake Tatu kaipata moja Dar, imekuja na basi la mchana.

Nimeuliza wamekuwaje sugu. Kasema tukimeza kidogo na kuacha, wale dhaifu wanakufa na wale wagumu wanabaki wanazaana. Kasema kwa upole, hakunilaumu.

Mie ndiye niliyesema zilizobaki zipo kabatini. Nimefundisha somo la afya darasa la sita miaka mingi kuliko umri wa daktari huyu. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimemwosha mbwa kwanza, nikaoga, nikaswali, nikapika pilau, nikaipeleka hospitali. Homa ya Baba Tatu imeshuka tangu jana. Kafungua macho vizuri. Neno la kwanza:

"Waache mzima?"

Si mie mzima, si Tatu. Nikamwambia mzima, ananuka dawa kuliko wewe. Akauliza, nani anamwosha? Tatu akaninyooshea kidole. Baba Tatu kanitazama kwa muda mrefu. Kisha machozi yakamtoka, akageukia ukutani. Kidole hakukililia, kamlilia mbwa. Au kanililia mie. Sijauliza.

Tulikula pilau tukicheka.

Alhamisi, 12 Juni

Bwana mifugo kaja na majibu ya mbwa. Bakteria wake na wa mzee wanafanana. Dawa zilezile zimeshindwa. Nikamwambia basi wifi ana haki, mbwa ndiye.

Kakataa. "Mama, hakuna anayeweza kujua nani kampa nani. Huenda mbwa kampa mzee, huenda mzee kampa mbwa. Mlikuwa mnagawana mikono na dawa."

Nilimtuma ayaseme hayo kwa wifi. Kaenda kweli. Sijui walizungumza nini, lakini jioni wifi kaleta kipande cha sabuni na kitambaa kikuukuu. Kaviacha kizingitini, karudi zake.

Nyama mpya imeanza kuota kwenye paja. Nyekundu, safi. Nimefurahi kama mama aliyeona jino la kwanza la mtoto. Nimeona haya kufurahi hivyo.

Jumapili, 22 Juni

Karudi. Kakonda, shati linamning'inia. Daktari kampa karatasi yenye majina ya dawa zisizomfaa, aionyeshe kila hospitali atakayoingia mpaka mwisho wa maisha yake. Nimeiweka ndani ya msahafu, humo sipotezi kitu.

Waache alipomsikia alijivuta kwa miguu mitatu, mkia unapiga ardhi. Nikasimama katikati. Hakuna kushikana, kidonda cha mkono hakijafunga, na mbwa anaweza kubeba vijidudu hata akipona. Baba Tatu kakaa kigodani hatua nne mbali, akamsemesha kutoka hapo. Mbwa kalala, kachomeka pua kwenye mchanga. Wamekaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Kisha kaswali sebuleni kwa kukaa. Nilikuwa nyuma yake. Kwenye tahiyatu, pale kidole cha shahada kinaponyanyuliwa, kisiki kile kilichofungwa bendeji kikanyanyuka kidogo. Nimeshindwa kuimaliza sala yangu vizuri.

Jumatano, 9 Julai

Mkono umefunga. Paja la mbwa limefunga, manyoya bado. Nimetoa kabatini kila kidonge kilichobaki, nimempa bwana mifugo aende navyo vikaharibiwe. Kumi na tisa, vya rangi nne tofauti. Jirani kaja kuomba viwili vya mbuzi wake. Nimemnyima, nikamkalisha, nikamweleza. Kaondoka kanuna. Potelea mbali.

Jumamosi, 19 Julai

Ndugu wamemaliza kuvuna. Magunia machache kuliko mwaka jana, nguruwe wamekula upande wa mtoni, mbwa hakuwepo. Wifi katwanga mpunga wa kwanza, kauleta mwenyewe, kakaa.

Nimepika wali na kambare wa nazi. Tumekula watatu sinia moja. Mkono wa Baba Tatu haujazoea. Wali unapita pale kidole kilipokuwa, unamwagika mkekani. Kajaribu mara tatu. Wifi akatazama pembeni.

Nikafinyanga tonge, nikachovya kwenye mchuzi, nikamwekea ukingoni mwa sinia mbele yake. Kaliokota kwa vidole vilivyobaki. Kala. Nikafinyanga lingine.

Nje mvua ndogo imepita, haikulowesha hata vumbi.