Mtindi wa Kufuturia

Alkhamisi, baada ya Isha

Ningemwambia tu kuwa naumwa figo, yangekwisha pale pale. Lakini wifi yangu Salma akilijua jambo asubuhi, jioni Mtoni nzima inalijua. Na kaka yake, mume wangu, bado sijamwambia.

Nilipofika kwake saa tano, akaniletea bilauri ya mtindi na mkate wa jibini. Daktari kaniruhusu maziwa nusu kikombe kwa siku, nami nilishayamaliza kwenye chai ya asubuhi. Jibini kasema niiache kabisa. Basi nikasema, "Samahani wifi, leo nimefunga." Siku ya Alkhamisi, nani atabisha?

"Mashaallah! Basi huondoki, utafuturu hapa hapa."

Kumkatalia mara mbili niliona haya. Nikakaa. Dawa zangu za mchana zimo mkobani, maji ya kuzimezea siwezi kuomba. Koo limenikauka kutwa, na yeye ananisifu mbele ya wanawe.

Magharibi ilipoadhiniwa zikaja tende na bilauri ile ile ya mtindi, sasa imejaa pomoni. Ningesingizia nini tena? Nikanywa yote. Mtamu, wallahi.

Jumatatu napimwa damu. Daktari akiniuliza nimekula nini, nitamwambia kweli. Lakini huyu wa humu ndani, kila siku nasema leo, halafu...

Wakati naaga wifi alinishika mikono yote miwili. "Allah aikubali funga yako."

Nikaitikia amin, kwa sauti kubwa kuliko watoto wake.