Insha ya Kaka Darasani

Koforidua

Kaka Ofosu,

Mvua imeanza, watoto hawajambo. Mkuu wa shule ametaka tufundishe Kiingereza kwa insha za waandishi walio hai, na ya kwanza aliyochagua ni yako, ile ya jinsi ulivyomwogesha baba kitandani kila siku hadi alipokata roho. Niliwasomea huku nasikia kinyaa. Wewe ulifika Jumamosi ya mazishi na nguo yako nyeusi mpya, Jumapili ukaondoka.

Mwanafunzi wangu Pokuaa akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyu kamwogesha babake kila siku, mbona hasemi mgongo wake ulikuwaje?"

Vile vidonda vya mgongoni mwa baba nilivisafisha mimi. Darasa zima linakuandikia kukuuliza swali hilohilo.

Wajibu.

Dada yako,
Asabea