Usimwambie Kocha

Kambini, 2 Aprili

Shikamoo Baba,

Mgongo unaendeleaje? Na masikio? Nimeona nikuandikie barua kwa simu, maana jana kwenye simu nilisema "nimefungiwa," wewe ukasikia "nimefunga," ukanipa hongera. Mimi mkimbiaji, nifunge nini? Hicho king'ora cha gari lako la wagonjwa kimekumaliza.

Basi narudia: tumefungiwa. Uwanja umetiwa mnyororo na kufuli. Hakuna anayetoka chumbani, chakula tunaachiwa mlangoni. Niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, yule mrusha mkuki, alipandwa na homa juzi. Walikuja kumchukua watu waliojifunika plastiki toka kichwani hadi miguuni, na godoro lake wakaondoka nalo. Nimebaki natazamana na chaga tupu.

Nakimbia papo hapo juu ya godoro langu ili wa chini wasigombe. Dakika arobaini asubuhi, arobaini jioni. Lakini miguu siielewi, Baba, ni kama nimeiazima. Usingizi umenihama. Mchujo wa timu ya taifa haujafutwa, umeahirishwa tu, na hawasemi hadi lini. Nina miaka ishirini na minne. Mita mia nane hazimsubiri mtu.

Mwanao,
Kiberiti


Nyumbani, 6 Aprili

Marahaba, Kiberiti wangu,

Mgongo upo, unanung'unika kama kawaida yake. Masikio tuyaache.

Huku zamu zimekuwa ndefu. Naendesha katikati ya mji mchana kweupe na barabara ni tupu. Taa nyekundu inawaka, nasimama, hakuna anayepita. Nikirudi navua nguo nje, naoga, ndipo naingia. Nyumba kimya. Mama yako angekuwa hai angenicheka nikitembea na taulo uani.

Nakuhofia, mwanangu. Si ugonjwa peke yake, hata hicho chumba nakihofia. Ulipokuwa mdogo, mvua ikikuzuia kutoka siku mbili, vikombe vilikuwa haviponi. Punguza hizo dakika. Mwili si punda. Na ukijisikia joto, sema siku hiyo hiyo.

Baba yako


Kambini, 21 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa naumwa, sasa nimepona, kwa hiyo soma bila kushtuka.

Ilikuwa homa ya siku nne. Nilijua ndiyo yenyewe nilipofungua dawa ya kuchua misuli, ile inayotoa machozi, nikainusa, ikawa kama maji. Muuguzi akija kupima joto mlangoni, nilikuwa nimeshajikanda paji la uso kwa kitambaa kibichi. Akapima, akaandika, akapita. Nilirudi kukaa chini, meno yanagongana.

Kocha ametangaza mchujo ni tarehe 30. Aliyeumwa haruhusiwi, atasubiri mwaka kesho. Mwaka kesho, Baba! Nimeanza tena mazoezi. Tatizo ni moja: nikipanda ngazi moyo unaruka, unasimama kidogo, halafu unapiga kwa fujo, na macho yanaingia giza. Nadhani ni uchovu wa kufungiwa.

Nimekwambia wewe tu. Usimwambie kocha. Niapie.

Mwanao


Nyumbani, 22 Aprili

Mwanangu,

Salamu zitanisamehe leo.

Wiki iliyopita tuliitwa uwanja mmoja wa mpira. Kijana mlinda mlango aliumwa kama wewe, akapona kama wewe, akatoroka kwenda kufanya mazoezi na wenzake. Nilimkuta amekaa chini, anatabasamu kwa aibu. Akaniambia, "Mzee, nimechoka tu, msiwashe king'ora, mama atasikia." Hatukufika hospitali. Mama yake aliletwa kwa pikipiki, akanikuta mimi ndiye niliyesimama mlangoni mwa gari.

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hicho kifo nimekipakia nyuma ya gari miaka kumi na tisa, nakijua kinavyokaa kimya. Nikuapie nini?

Nenda kwa kocha mwenyewe. Nakupa hadi Ijumaa. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako


Nyumbani, 25 Aprili

Kiberiti,

Ijumaa imepita, hujajibu. Nimempigia kocha. Sikuwa namsikia vizuri, nikawa napiga kelele, "Moyo! Nasema moyo!" hadi jirani akatoka nje. Nimemweleza yote, hata kitambaa.

Najua nilichokunyang'anya. Nitukane, lakini nitukane kwa maandishi, nijue upo.

Baba yako


Nyumbani, 9 Mei

Mwanangu,

Siku ya kumi na nne. Kocha anasema ulipelekwa hospitali, zaidi ya hapo hajui. Nimepiga huko, wanasema wodi haipokei simu. Kila tukiitwa kubeba mtu, nauliza kwanza: mwanamke au mwanamume? Ana umri gani? Mwenzangu wa zamu ameniambia nipumzike. Nimekataa, maana nikikaa nyumbani nasikia kimya, na hicho ndicho kitu pekee ninachosikia vizuri siku hizi.

Andika hata neno moja.

Baba


Hospitali, 17 Mei

Shikamoo Baba,

Nipo.

Walinitoa chumbani siku ile ile uliyompigia kocha, mchana, madirisha yote yamejaa vichwa vinatazama. Nilikuchukia. Simu ilikuwa na chaji, Baba, sikutaka tu kukujibu. Barua zako nilizisoma zote.

Walinibandika waya kifuani siku tisa. Daktari akasema msuli wa moyo umevimba. Nikamwuliza, ningekimbia ule mchujo ingekuwaje? Akanitazama, akaendelea kukunja waya zake. Mchujo umefanyika bila mimi. Miezi sita nisikimbie hata kuwahi mlango, halafu watapima upya, hawaahidi kitu. Naogopa kujigeuza kitandani. Nalala nimeweka mkono kifuani, nahesabu, likikosekana pigo moja nabana pumzi. Jana nilitembea hadi bafuni na kurudi, nikalia kwa uchovu. Sijui mtu asiyekimbia anaamkia nini asubuhi.

Kuanzia Jumamosi wanaruhusu mgeni mmoja kwa kila mgonjwa, robo saa, kwa barakoa. Waliniuliza niandikishe nani.

Bado nimekukasirikia.

Njoo.

Mwanao