Kiti Chenye Jina la Hattie

Dada Colleen mpenzi,

Sasa hivi Hattie amenichomoka mkononi akaenda kukalia kiti cha watu! Unajua desturi ya hapa kwetu siku ya gwaride: viti hupangwa kando ya barabara tangu jana yake, na cha mtu hakiguswi. Nikamkimbilia. "We mtoto, shuka! Si chako hicho!"

"Changu, mama. Kina H yangu."

Colleen, nimekufa ganzi. Kimeandikwa HATTIE kwa rangi nyekundu, na mwandiko ni wa Mama. Mama huyuhuyu aliyenifungia mlango nilipopata mimba, miaka minne hata salamu hanipi! Kando yake kuna kiti kingine kitupu, hakina jina.

Nakuandikia nyuma ya ratiba ya gwaride. Mama amesimama hatua mbili tu, hanitazami. Anamwambia jirani kwa sauti, "Jua lote hili, mtoto hana kofia. Watu wengine bwana!"

Mimi sikai bila kualikwa, dada. Nitasimama hivihivi, na asiponiambia neno, nitamchukua mwanangu na

Ameniita! "Brenna, kaa basi, mwanangu, unawazibia watu," na amekipangusa kiti kwa gauni lake, Colleen, kwa gauni lake la Jumapili! Naenda kukaa.